Sahani Tatu na Mbuzi wa Maziwa

Mwaka 1998, katika tarafa ya Kyeni huko Embu, Kenya, watoto wa darasa la kwanza wa shule 12 waliingia kwenye hadithi ambayo wanasayansi wanaisimulia mpaka leo. Hawakupanda mlima wala kuvuka bahari. Walikula githeri. Wengine hata hiyo githeri hawakuipata, na hao nao wana nafasi yao kubwa katika hadithi, kama mtakavyoona.

Sogeeni basi. Hii haina sungura mjanja wala fisi mlafi. Ina madaktari, mizani, utepe wa kupimia mikono, na nyama ya kusaga.

Chanzo chake ni cha zamani kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti walifika kwenye vijiji vya Embu, na wenzao wakaenda kwenye vijiji vya Misri na Mexico. Kazi yao ilikuwa kutazama na kuandika: mtoto huyu amekula nini leo nyumbani kwao, ana kilo ngapi, anaendeleaje shuleni. Daftari zilipojaa wakaona jambo lile lile katika nchi zote tatu. Watoto waliopata nyama, maziwa au mayai, hata kwa uchache, walikua vizuri na kujibu maswali vizuri kuliko wale walioishi kwa nafaka na maharagwe peke yake.

Mtu mwenye haraka angeruka juu na kusema, kumbe nyama huongeza akili! Mtafiti mzuri hana haraka. Huyo hujiuliza kwanza: nyama huliwa katika nyumba gani? Mara nyingi ni nyumba yenye ng'ombe zizini, au yenye mtu anayepokea mshahara. Nyumba hiyo huenda ina taa nzuri ya kusomea, ina vitabu, ina mama aliyefika kidato cha nne. Sasa mtoto wa nyumba hiyo akiongoza darasani, tumshukuru nani? Nyama, au taa, au mama? Kwa kutazama tu huwezi kujua. Inabidi ubadilishe kitu kimoja, hayo mengine uyaache yalivyo, kisha usubiri uone.

Ndiyo maana walirudi Embu. Waliongozwa na madaktari wawili wa watoto: Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walizichukua shule 12, wakazigawa kwa kura katika makundi manne, shule tatu kila kundi. Mwalimu mkuu hakuchagua kundi, chifu hakuchagua, hata madaktari wenyewe hawakuchagua. Kura inafaa kwa sababu haimjui mtoto wa tajiri wala mtoto wa maskini.

Kundi la kwanza lilipewa githeri iliyotiwa nyama ya ng'ombe ya kusaga. La pili lilipewa githeri na kikombe cha maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia, ili nguvu iliyomo ilingane na ile ya sahani mbili za kwanza. Kundi la nne halikupewa chakula.

Kwa nini githeri? Kwa sababu ndicho chakula cha pale. Mahindi na maharagwe hulimwa kwenye mashamba yale yale ambayo watoto huyapita wakienda shule, na kila mama wa Embu anajua kuyachemsha hadi yalainike. Wenzenu wa Tanzania wanakifahamu chakula hiki kwa jina la makande. Watafiti wangeweza kuagiza biskuti za vitamini kutoka kiwandani, zimefungwa vizuri kwenye karatasi za kung'aa. Walitaka kujua chakula ambacho watu wa mahali wanaweza kukiendeleza wenyewe baada ya wageni kuondoka.

Naona kuna mmoja wenu amekunja uso tangu nilipotaja kundi la nne. Unataka kuuliza wale walifanya kosa gani. Hawakufanya kosa lolote. Lakini fikiria hivi: mtoto wa miaka saba hukua tu, umlishe githeri au usimlishe. Baada ya miaka miwili atakuwa mrefu zaidi na hesabu atakuwa anazijua zaidi. Kama watoto wote wangepewa chakula, tungejuaje kwamba mabadiliko yameletwa na chakula, wala si miaka miwili kupita? Kundi la nne ndilo lililoonyesha jinsi mtoto wa Kyeni anavyokua bila kuguswa na mtu. Kwa mchango huo, kila familia ya kundi hilo ilipewa mbuzi wa maziwa. Kama ningekuwa mtoto wa kundi la nne, nadhani ningependelea mbuzi. Githeri huisha, mbuzi huzaa.

Basi sahani zikaanza kupakuliwa. Siku za shule tu, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mihula saba kwa jumla, watoto zaidi ya 500. Na wakati huo wote watoto walikuwa wakipimwa. Walipandishwa kwenye mizani, wakasimamishwa kwenye ubao wa urefu. Mkono wa juu ulizungushiwa utepe, ngozi ikabanwa kidogo kwa koleo maalumu ili kujua unene wake, na kwa hesabu fulani watafiti wakapata ukubwa wa misuli iliyo chini ya ngozi. Damu ikatolewa. Walifanya majaribio ya hesabu, na jaribio jingine la picha ambalo hutumika duniani kote: unaonyeshwa michoro iliyopangwa kwa utaratibu fulani, mmoja haupo, nawe uchague kati ya vipande kadhaa kipi kinajaza pengo. Jaribio hilo halihitaji kusoma wala Kiingereza. Linapima jinsi unavyofikiri ukiwa mbele ya jambo geni.

Kuna kipimo kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote. Watafiti walikwenda uwanjani wakati wa mapumziko wakatazama tu watoto wakicheza. Nani anakimbia, nani amekaa chini ya mti, nani anaanzisha mchezo na wengine wanamfuata. Wakayaandika hayo kwa makini kama walivyoandika kilo.

Haya, matokeo. Watoto wa makundi yote matatu yaliyokula githeri waliongezeka uzito kuliko wale wa kundi la nne. Hilo halikumshangaza mtu. Misuli ya mkono iliongezeka zaidi kwa waliokula nyama. Kwenye jaribio la picha, waliokula nyama waliwapita wenzao wa makundi yote mengine. Kwenye hesabu, waliokula nyama na waliokula githeri yenye mafuta waliendelea vizuri kuliko waliobaki. Na kule uwanjani? Wale wa nyama ndio waliokuwa wakikimbia zaidi, ndio waliokuwa wakiwaita wenzao, "Njooni tucheze hivi!"

Maziwa yalileta mshangao. Yaliwasaidia kurefuka baadhi ya watoto wadogo waliokuwa wamedumaa, jambo zuri sana. Lakini kwenye jaribio la picha watoto wa maziwa hawakuwapita hata wale wasiopewa chakula. Hakuna aliyelitarajia hilo. Watafiti wakakuna vichwa. Walijua kwamba maziwa yana mambo yanayozuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye chakula kingine, na huenda hapo ndipo jibu lilipo. Huenda. Mkisoma habari za utafiti mkaona neno hilo, msilidharau. Mtafiti asiyelitumia kamwe ni wa kuogopwa.

Damu nayo ilikuwa na lake. Kabla ya kuanza, watoto wengi walikuwa na upungufu wa vitamini B12, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye vyakula vya wanyama tu. Baada ya sahani zile, B12 ilipanda kwa waliokula nyama na kwa waliokunywa maziwa. Ila madini ya chuma na zinki hayakuonyesha mabadiliko ya wazi kwenye damu, hata kwa wala nyama. Sababu moja inayotajwa ni malaria, ambayo ilikuwa nyingi pale Kyeni. Mtoto mwenye malaria damu yake hubadilika hadi vipimo vinachanganyikiwa. Kwa hiyo hata sahani ya githeri yenye nyama inahitaji chandarua nyumbani.

Tukae hapa kidogo kwenye maharagwe, nisije nikawafanya mkayadharau. Maharagwe yana chuma na yana zinki. Shida ni kwamba yana pia kitu kiitwacho fitati, ambacho huyashika madini hayo kama mtoto aliyefumba ngumi juu ya peremende: ipo, lakini huipati. Mahindi nayo yana fitati. Ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji, ngumi hulegea kidogo. Ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, kama machungwa, mapera, au mboga za majani ambazo hazikuchemshwa hadi zikafa, mwili hupata chuma zaidi. Ukishushia na chai ya rangi, unapata kidogo. Na ukitia nyama kidogo, nyama hiyo inakuja na chuma chake kilicho rahisi kufyonzwa, na inasaidia hata kile cha maharagwe kitoke. Ndiyo maana nyama kidogo ya kusaga kwenye githeri ilifanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake.

Msiondoke hapa mkifikiri kwamba asiyekula nyama hawezi kusoma. Magharibi mwa Kenya alizaliwa msichana ambaye mwili wake ulikataa nyama, samaki, mayai na hata maziwa. Madaktari walishauri apewe mboga, na nyumbani kwao zilikuwepo tele zile tunazoziita za kienyeji: managu, saga, mrenda, kunde, mchicha. Alikua kwa hizo. Msichana huyo ni Mary Abukutsa-Onyango, profesa wa kilimo cha mboga katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Maisha yake yote ya kazi ameyatumia kuchunguza mboga hizo ambazo watu wa mjini walizoea kuzitazama kama magugu. Alipima virutubisho vyake, akatafuta njia bora za kuzipanda na kupata mbegu safi, na mwaka 2010 akatuzwa na Umoja wa Afrika kwa sayansi yake. Huko Busia, mradi mmoja wa kulinda mimea ya asili uliwaunganisha wakulima wadogo wa mboga kama hizo na shule za karibu, ili shule ziwe wateja wao. Mtoto anapata sahani yenye chuma na vitamini A, na bibi mwenye shamba la managu anapata mnunuzi anayejulikana alipo.

Nimetaja vitamini A. Hiyo ina hadithi yake, tena ni fupi, basi niwape.

Karibu na Durban, Afrika Kusini, watafiti waliwachukua watoto 180 wa shule ya msingi, wenye umri wa miaka 5 hadi 10. Nusu walipewa viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, vimechemshwa na kupondwa, gramu 125 kila mtoto. Nusu nyingine walipewa kiasi kile kile cha viazi vitamu vyeupe. Rangi ile ya chungwa ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A ndiyo inayokuwezesha kuona jioni giza likianza kuingia na kupambana na magonjwa. Akiba yake mwili huiweka kwenye ini. Sasa ini la mtoto hutaliona kwa macho, lakini kipo kipimo cha damu kinachoweza kukadiria akiba iliyomo.

Walikula siku 53 za shule. Kabla ya kuanza, watoto 78 kati ya kila 100 wa viazi vya chungwa walikuwa na akiba ya kutosha. Walipomaliza, walikuwa 87. Wenzao wa viazi vyeupe walianza na 86 wakaishia 82, tofauti ndogo ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa kitu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005. Tanzania viazi hivyo wanaviita viazi lishe, na wakulima wengi wa Kenya na Uganda wanazijua aina mbili, Kabode na Vita, zilizotokana na kazi ya mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, na wenzake. Mwaka 2016 Mwanga na watafiti wengine watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kiazi hakihitaji kiwanda wala meli. Unakata mashina kwa jirani, unayafukia kwenye matuta, unangoja miezi michache.

Mpaka hapa tumezungumza kuhusu tumbo na kichwa cha mtoto. Lakini chakula cha shule kinacholimwa karibu kina mtu wa pili, naye ni mkulima. Wakubwa wanapokisifu chakula hiki hupenda kusema kwamba kinaua ndege wawili kwa jiwe moja: mtoto anashiba, mkulima anatajirika. Ni maneno matamu. Je, yamepimwa?

Yamepimwa Ghana. Nchi hiyo ilianza mpango wake wa chakula shuleni mwaka 2005, kwa shule 10, moja katika kila mkoa wa wakati ule, halafu ukakua hadi kufikia maelfu ya shule. Mpango ulitaka wapishi wanunue vyakula kwa wakulima wa eneo lao. Watafiti wa Ghana na wenzao wa nje wakafanya kama walivyofanya watafiti wa Embu, ila kwa ukubwa wa nchi nzima: maeneo yakagawanywa kwa kura, mengine yakaanza kupata chakula, mengine yakasubiri. Wakafuatilia kwa takriban miaka miwili.

Ukichukua watoto wote kwa pamoja, urefu wao haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Lakini ukiwatenga wasichana, na ukiwatenga watoto wa nyumba maskini, unaona waliokula walirefuka kuliko wasiokula. Masomo nayo yalipanda, na hapo pia waliofaidi zaidi walikuwa wasichana, watoto wa maskini, na watoto wa mikoa ya kaskazini ambako maisha ni magumu. Hilo linaeleweka. Mtoto aliyekwisha kunywa uji wa maziwa na mkate nyumbani, sahani ya shule kwake ni nyongeza. Kwa mwenzake ndiyo chakula cha siku.

Na mkulima? Hapa ndege wa pili aliruka. Watafiti hawakuona ongezeko la mauzo wala la kipato katika nyumba za wakulima. Kwa nini, wakati wapishi walitakiwa kununua kwao? Fuateni fedha, wanangu. Serikali ilichelewa kuwalipa wapishi, tena si kwa wiki moja au mbili. Mpishi asiye na fedha mkononi hawezi kwenda shambani, kwa sababu mkulima aliyevuna anataka pesa leo; ana deni la mbolea, ana karo. Basi mpishi huenda kwa mfanyabiashara wa sokoni anayekubali kumkopesha, na mahindi ya mfanyabiashara huyo yanaweza kuwa yametoka popote. Watoto walishiba, na lori lililoleta mahindi lilipita mbele ya shamba la jirani bila kusimama.

Mimi hadithi hii ya Ghana naithamini kuliko zile zinazosifu kila kitu. Inatuonyesha kwamba umbali kati ya shamba na sufuria haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa siku ambazo mkulima anangoja kulipwa.

Brazil walimtengea mkulima nafasi yake kwa sheria. Mwaka 2009 walitunga sheria kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu inatoa kwa chakula cha shule zinunue mazao ya familia za wakulima, na kila eneo lazima liwe na mtaalamu wa lishe anayepanga nini kipikwe. Kule watoto wanaolishwa hufika karibu milioni 40.

Mwaka huo huo wa 2009 Kenya nayo iligeuza njia. Tangu mwaka 1980 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likizilisha shule za maeneo makavu, na sehemu kubwa ya chakula hicho ilitoka ng'ambo, ikashushwa bandarini Mombasa, ikasafiri kwa malori hadi bara. Serikali ikaanza kuchukua sehemu ya shule hizo, zenye watoto zaidi ya nusu milioni, na badala ya magunia ikapeleka fedha. Shule ikatangaza inahitaji mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi. Mwenye kuuza akaleta bei yake. Kamati ya wazazi na walimu ikachagua. Mwaka 2018 shirika lile likakabidhi shule zote zilizobaki. Kazi ikawa yetu wenyewe.

Kamati ya namna hiyo ina kazi ngumu moja ambayo sherehe za kuzindua miradi hazipendi kuitaja. Ni kukataa mahindi mabaya. Mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka vizuri hupata kuvu, na kuvu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mengi yalikuwa mahindi ya kwao, yaliyolimwa hapo hapo. Kwa hiyo kitu kulimwa karibu hakukifanyi kiwe salama. Mahindi ya kwenda ghalani yanatakiwa unyevu wake usizidi asilimia 13.5, na shule inayojali hununua kipimo au huazima cha ofisa wa kilimo.

Kama hakuna kipimo, ipo njia ya zamani ambayo mnaweza kuifanya darasani. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tieni mahindi, tieni na chumvi kavu kidogo. Fungeni, mtikise kwa dakika chache, kisha muiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi, yarudishwe juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, ambayo ni dalili njema lakini bado haijafika pale panapotakiwa. Chupa haiwezi kukuonyesha sumu, kumbukeni hilo. Inaonyesha maji tu. Na punje mlizofanyia jaribio msizile, zipeni kazi nyingine.

Basi, mkiniuliza kama inafaa shule ipike kinacholimwa karibu nayo, jibu langu ni ndiyo, na kwa mtoto wa nyumba maskini ni ndiyo mara mbili. Lakini mahindi na maharagwe matupu, hata yakiwa ya jirani, ni nusu ya kazi. Sahani inataka pia mboga za majani, kiazi cha rangi, na kitu kidogo kutoka kwa mnyama, iwe nyama, yai, au dagaa. Na sifa ya kumsaidia mkulima tusiitoe mapema, mpaka tuone risiti yake.

Nanyi hamhitaji kungoja kuwa madaktari ili kuanza kutafiti. Wiki hii, mpishi wa shule yenu akipakua, mwombeni awaambie maharagwe yametoka shamba gani na mboga zimetoka wapi, mwandike kwenye daftari kila siku hadi muhula uishe. Kisha mwende kwa huyo mwenye shamba, mmwamkie vizuri, mmuulize kama ameshalipwa.